Waziri Aliyetaka Kuona Nani Atamlilia

Ipo nchi, na mtu asiniulize iko upande gani wa ramani, maana nina ndugu wanaoishi huko. Ni nchi nzuri. Barabara zake zina mashimo, lakini mashimo yenyewe yamezinduliwa rasmi, na viongozi wake wanatupenda kiasi kwamba hawapati usingizi mpaka wajue tumekula nini. Mapenzi hayo ndiyo yaliyotuletea Shemeji.

Shemeji ni kamera. Ni kidude cheupe cha mviringo, ukubwa wa kitumbua, kinabandikwa ukutani sebuleni, kina jicho moja na sauti ya mwanamke aliyelishwa asali. Anawasha taa ukimwambia, anafungua mlango akiitambua sura yako, anachemsha maji ya chai, na kila anachokiona anakipeleka Wizarani. Hana waya hata mmoja. Mheshimiwa Daktari Lukwele, Waziri wa Utulivu wa Majumbani, alitufafanulia siku ya uzinduzi kwamba hayo ni maendeleo makubwa, kwa sababu mwananchi mwenye hasira hana cha kukata.

Jina nalo alilitunga mwenyewe. Alisema wataalamu walimletea majina ya kizungu akayakataa.

"Mgeni unaweza kumfungia mlango," alisema. "Polisi unaweza kumwambia mwenye nyumba hayupo. Lakini shemeji? Shemeji anaingia mpaka jikoni, anafunua sufuria, na wewe unacheka."

Tukapiga makofi. Siku hizo tulikuwa bado tunapiga makofi bila kukumbushwa.

Kulitokea tatizo dogo tu la kiufundi. Katika nchi hiyo watu wa Mlimani na watu wa Bondeni ni watani tangu babu zao walipochoka kupigana. Mtu wa Mlimani akifa, watani wa Bondeni ndio wanaoushika msiba. Wanapika, wanachimba kaburi, na wanamtukana marehemu mpaka wafiwa wacheke wapende wasipende. Wanavaa nguo zake, wanatembea kama yeye, wanakohoa kama yeye. Na jeneza likifika mlangoni wanalizuia, halitoki mpaka wapewe wanachotaka. Sasa Shemeji, ambaye hakukulia kwetu, kila aliposikia marehemu anaitwa mwizi wa kuku alikuwa anaita gari. Kuna msiba ulibebwa wote, wakabaki maiti na mjane wanaangaliana.

Wazee wakaenda kulalamika. Mheshimiwa Lukwele ni mtu wa Mlimani, na utamaduni wenye wapiga kura wengi ulikuwa unamgusa sana, hivyo akaagiza Shemeji afundishwe utani. Tangu hapo mtani akimtukana marehemu msibani, au akimwiga, Shemeji husema kwa upole, "Utani umetambuliwa," na gari haliji. Ruhusa hiyo inaisha marehemu akishafukiwa. Udongo ukishasawazishwa, tusi linarudi kuwa tusi, na kujifanya kiongozi kunarudi kuwa kosa kubwa.

Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu Mheshimiwa mwenyewe alilisahau.

*

Jirani yangu Lugendo ni fundi cherehani, mtu wa Bondeni kama mimi, mpole mpaka unaona huruma kumdai suruali yako. Mama yake alifariki. Akamzika, akapokea pole zote kwa macho makavu, kama inavyotakiwa kwa mwanaume mwenye wake wa kaka zake wanaomtazama. Siku chache baadaye, alasiri, akaingia ndani akamkuta mkewe Mwajabu amekalia ile mbuzi ya marehemu, anakuna nazi. Hapo ndipo kilio kilipomshika. Akaenda sebuleni, akavua kofia yake, akaitundika juu ya jicho la Shemeji, akakaa sakafuni akalia.

Hakuwa na siri nyingine. Alitaka kulia bila kuangaliwa.

Gari lilifika kabla hajafuta machozi. Aliambiwa kosa lake ni kumvisha kofia mtumishi wa Serikali akiwa kazini, akapelekwa Kambi ya Mwangaza, ambako watu wanafundishwa kuonekana. Kofia ilibaki sakafuni. Na laiti mambo yangeishia hapo, huenda leo nisingekuwa na la kusimulia.

Jumapili ile Shemeji aliwasha televisheni zote za nchi, kama kawaida yake Waziri anapotaka kuzungumza nasi. Mwajabu alikuwa kwetu, mke wangu alimwita anywe uji. Tukaiona ile kofia inalikaribia jicho, kisha giza, kisha tukasikia mtu mzima anamwita mama yake. Mheshimiwa Lukwele aliacha kilio kiendelee mpaka mwisho. Kisha akatoa kitambaa akajifuta machozi, ya kicheko.

"Mwanaume anayelia chini ya kofia," alisema, "anaficha nini?"

Ukumbi mzima ukacheka. Watoto wa mtaani kwetu waliuigiza ule mlio kwa muda mrefu, hata nikawa nawafukuza kwa ndala. Mwajabu hakulia wala hakusonya. Aliweka kikombe cha uji chini, akamtazama yule mtu kwenye televisheni.

"Huyu ni wa Mlimani," akasema taratibu. "Huyu ni mtani wangu."

Shemeji wetu ukutani alisikia, hakuona tatizo. Mimi kuanzia siku ile nilimchukia Waziri kwa roho safi, na nilimwombea mabaya kila nilipokunywa chai mbele ya jicho lake, huku nikitabasamu.

*

Mheshimiwa Lukwele alikuwa anautaka Urais, na mtu anayeutaka Urais hulala vibaya. Kila alipofungua sebule za watu aliona picha yake ukutani na watu wanaoisifia. Wasiwasi ukamwingia. Hawa wananipenda kweli, au wananipenda kwa kuwa nawaona? Akatafakari sana, akapata dawa. Akaamua kufa.

Hilo alimwambia mtu mmoja tu, Katibu wake, Bwana Kilumanga, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukubali. Kilumanga alikubali. Hata mke wa Waziri, Bi Stamili, hakuambiwa, kwa kuwa naye alikuwa kwenye orodha ya watakaochunguzwa. Mheshimiwa akajifungia chumba cha ghorofani nyumbani kwake, kilichojaa skrini kuta zote. Alipanga kulitazama taifa likimlilia, huku Kilumanga akimpandishia chai na chapati kwa siri. Kisha siku ya maziko, jeneza likiwa mlangoni, angeteremka ngazi akiwa hai, watu wangepiga magoti, na wale ambao hawakulia wangepandishwa kwenye gari bila kuharibu sherehe.

Asubuhi Shemeji akatangaza katika kila nyumba, "Shemeji zangu, tumepatwa na msiba." Akataja jina, akaongeza kwamba kila mwananchi yuko huru kulia kwa namna anayoipenda, uso ukielekea kwenye jicho.

Tulilia, bwana. Vitunguu viliisha sokoni kabla ya adhuhuri. Jirani wa upande wa pili, ambaye machozi yaligoma kabisa, aliwaomba binti zake wamfinye, nao walikuwa na mengi ya kumfinyia. Mimi nilitumia pilipili, nikawa miongoni mwa waliosifiwa na Shemeji kwa jina. Kilumanga alikuja kusimulia baadaye kwamba Waziri kule juu alipotuona tunavyogaagaa alishindwa kujizuia, akalia pia. "Sikujua," alisema huku anapenga kamasi, "kama nilikuwa mtu mwema kiasi hiki."

Skrini moja tu ilimkera. Mwajabu alikuwa amejifunga kanga kiunoni, anacheza katikati ya sebule.

"Shemeji," kidude kikamuuliza, "mbona unacheka na taifa linalia?"

"Mtani wangu kafa," akajibu Mwajabu. "Lile tumbo lake sijui litaingiaje kaburini. Itabidi tulitangulize."

"Utani umetambuliwa. Pole na hongera."

Waziri akapiga meza kwa ngumi, lakini angefanya nini? Agizo lilikuwa lake.

*

Kama ilivyo haki yetu, watu wa Bondeni tulikwenda kuushika msiba. Hakuna askari anayemzuia mtani na sufuria lake. Mwajabu akawa mkuu wa jiko, mimi nikapewa kuni nichochee pilau kwenye mlango wa nyuma, kwa hiyo niliyoyaona niliyaona mwenyewe, macho yakiwa yananitoka machozi ya moshi halali.

Sebuleni kulikuwa na mawaziri, mabalozi, mashekhe na mapadri, wote wanalia kwa zamu. Waziri aliye juu alikuwa ameyakodolea macho hayo. Jikoni hakukutazama, kwa sababu huko hakukuwa na mtu ambaye mawazo yake yalikuwa na uzito.

Bi Stamili akaingia jikoni kunywa maji. Nilimwangalia nikaona haya kwa pilipili zangu. Huyu mama alikuwa amelia kweli. Sauti ilimkauka, alikuwa amevuliwa bangili na kuvishwa kaniki, na goti lake moja lilichubuka kwa kujitupa sakafuni. Alikuwa hajaweka kikombe mdomoni, Shemeji wa jikoni akaamka.

"Baba anaomba chai ya pili," akasema kwa sauti yake tamu. "Tangawizi nyingi, sukari kidogo. Na anasema chapati za jana zilikuwa ngumu."

Wanawake wote wakaacha kupekecha. Nami nikaacha kupuliza moto.

"Baba yupi?" Bi Stamili akauliza.

"Mheshimiwa," akajibu Shemeji, ambaye alifundishwa mengi lakini uongo hakufundishwa, kwa vile Wizara ilijitengea kazi hiyo yenyewe. "Yuko chumba cha skrini, ghorofani, tangu alipofariki."

Bi Stamili akaketi kwenye kigoda. Akajitazama mikono isiyo na bangili.

"Nimegaagaa chini," akasema hatimaye, "mbele ya wakwe zangu, mbele ya wafanyakazi wangu. Na yeye yuko juu ananiangalia anataka kuona kama machozi yangu yanatosha. Na chapati ananitolea kasoro."

Mwajabu akaweka mwiko chini, akaja akachutama mbele yake. "Dada," akasema, "unajua mimi ni mke wa nani. Ni mke wa yule wa kofia."

"Najua. Siku ile nilimwambia, 'Baba, huyo mtu anamlilia mama yake.' Akanijibu nisiingilie mambo ya usalama."

"Sasa tukamwite ashuke?"

"Tumwite nani?"

"Marehemu."

Bi Stamili akamtazama Mwajabu, naye Mwajabu akamtazama, na mimi nilivyo mtu mzima nilipata ubaridi mgongoni karibu na moto wa pilau.

"Shemeji," Bi Stamili akasema, "zima birika. Mume wangu amekufa."

"Nimeelewa, Mama. Pole sana."

Kisha akaingia chumbani akatoka na koti la hotuba la Mheshimiwa, miwani na ile fimbo yake yenye kichwa cha fedha, akampa Mwajabu mkononi. Nilijisikia raha ambayo sijawahi kuipata katika msiba wowote.

*

Jeneza lilipobebwa, lilibebwa kwa taabu, maana Kilumanga alikuwa amelijaza mifuko ya mchanga bila ubahili. Lilipofika mlangoni, watu wa Bondeni tukalala chini kizingitini. Mwajabu akatokea ndani ya lile koti, tumbo limejazwa mto, miwani puani. Akatembea kwa mikogo kama yeye, akakohoa kama yeye, akawanyooshea mabalozi fimbo.

"Mwanaume anayelia chini ya kofia," akasema kwa sauti nzito, "anaficha nini?"

Mabalozi hawakuelewa, lakini waliona wengine wanacheka wakacheka. Shemeji wa mlangoni akasema, "Utani umetambuliwa."

Kilumanga akasogea na bahasha. Mwajabu akaisukuma kwa ncha ya fimbo.

"Jeneza hili halitoki. Namtaka mume wangu, Lugendo, fundi cherehani, aliyeko Kambi ya Mwangaza. Akifika yeye, marehemu anaondoka."

Kilumanga akaangalia juu, kwenye dari, kule alikojua kuna mtu. Kisha akaangalia kamera za nchi za nje. Halafu akaangalia kiti cha mbele kilichoandikwa "Kaimu Waziri", ambacho alikikalia tangu asubuhi na kilikuwa kimemkaa vizuri. Ni kiti kirefu, chenye mito.

"Serikali inaheshimu mila," akatamka, akapiga simu.

Lugendo akaletwa na gari la kambi. Alikonda. Alisimama uani na sare ya kambi, kichwa wazi, hajui aangalie wapi. Mwajabu hakumkimbilia. Alibaki amesimama ndani ya koti la adui yake, amemkodolea macho mumewe, mpaka nikaogopa atasahau kazi iliyobaki.

Hakupata nafasi ya kusahau. Mlango wa ghorofani ulifunguliwa kwa kishindo, na Mheshimiwa Daktari Lukwele akateremka ngazi akiwa na pajama na kandambili, hajanyoa, uso umevimba kwa hasira na kwa kukosa chai.

"Mrudisheni huyo!" alifoka. "Nani amesema atolewe? Mimi sijafa!"

Wengi wetu tukaanza kulitafuta lango, nami nikakumbuka pilipili zangu nikajuta. Ndipo Mwajabu akacheka. Alicheka kwa nguvu, akapiga mapaja, akamzunguka Waziri akimkagua.

"Jamani, huyu ni wa ukoo gani wa Bondeni? Mimi nimehangaika na mto, mwenzangu ameota kitambi kabisa. Mpeni makofi!"

Tukampa. Kwa furaha ya kuokoka tulimpa makofi ambayo alipokuwa hai hakuyapata.

"Mimi ndiye Lukwele!" akapiga kelele. Watu wakagaagaa kwa kicheko, kwa sababu hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa anasema.

"Mheshimiwa Lukwele ni marehemu," Shemeji akasema. "Utani umetambuliwa."

Akamgeukia Katibu wake. "Kilumanga! Waambie."

Bwana Kilumanga aliinua kichwa kutoka kwenye mito ya kiti chake. "Umepatia sana, ndugu," akasema. "Hata sauti."

Sasa Waziri akamwendea mkewe, akamshika mabega, na kwa mara ya kwanza nikaona woga umemwingia. "Mama Tuma. Niangalie. Wewe unanijua."

Bi Stamili alimwangalia bila haraka, kuanzia kandambili mpaka nywele.

"Mume wangu ningemjua," akasema. "Mume wangu asingekaa juu anakunywa chai wakati mimi nimejitupa sakafuni namlilia. Huyu simfahamu. Nawaomba tuzike, jua ni kali."

Tukazika. Yule mtu alitufuata mpaka makaburini akitukana, na kila tusi lilitambuliwa. Mchanga ukaingia kwenye mchanga, mashekhe na mapadri wakafunga kwa dua, mimi mwenyewe nikasawazisha udongo kwa jembe. Nililisawazisha kaburi lile kwa upendo. Yule mtu akaendelea kusema yeye ndiye Waziri, na hapo Shemeji aliyefungwa kwenye nguzo ya lango la makaburi akakohoa kidogo.

"Utani umekwisha," akasema. "Kujifanya kiongozi ni kosa. Tafadhali simama hapo ulipo, Shemeji, gari linakuja."

*

Waziri mpya, Mheshimiwa Kilumanga, ameahidi kutusikiliza zaidi, na ametuongezea Shemeji wa chooni. Bi Stamili amehama nyumba ile na amerudishiwa bangili. Lugendo amerudi kwenye cherehani. Haongei sana, lakini amenimalizia suruali yangu.

Ni yeye Lugendo aliyesema twende tukamwone yule mtu kambini. Alisema anakijua kitanda kile, kina baridi. Mwajabu alifunga maandazi kwenye kitambaa, nami nikabeba kikapu. Kofia ya Lugendo ilikuwa imetundikwa kwenye msumari sebuleni kwao, imefuliwa na kupigwa pasi. Lugendo aliitazama akasema labda tumpelekee, inaweza kumsaidia.

"Hiyo kofia haitoki humu ndani," Mwajabu alimjibu.

Tulimkuta amekaa kwenye kitanda, amepungua tumbo. Ukutani, juu ya kichwa chake, kuna Shemeji mkubwa kuliko wa majumbani, na yale yanayoonekana humo yanarushwa Jumapili kwa ajili ya mafunzo. Hakututambua mimi wala Lugendo. Alimtambua Mwajabu tu. Aliyachukua maandazi, hakuyala, akayaweka mapajani.

"Mama," akanong'ona, "nisaidie kitu kimoja. Nitafutie kitambaa. Hata hicho cha maandazi."

"Cha nini?"

Akaelekeza macho juu, kwenye jicho. "Nataka kulia kidogo."

Mwajabu akakikung'uta kile kitambaa makombo, akakikunja vizuri, akakirudisha kikapuni. Kisha akainama mpaka sikioni kwake, kwa sababu neno alilotaka kulisema lilikuwa kosa kambini kulisema kwa sauti, na tangu azikwe hakuna mtu aliyekuwa amemwita hivyo.

"Lia tu, Mheshimiwa," akamwambia. "Tunakuangalia."

Tukasubiri mpaka alipoanza, ndipo tukaondoka.